Picha ya Koo na Pumzi Inayokatika Usingizini

Ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini kwa kuziba njia ya hewa huanzia sehemu moja fupi ya mwili, yenye urefu wa takriban sentimita 12: koromeo, njia inayotoka nyuma ya pua ikapita nyuma ya ulimi hadi kwenye zoloto. Pua ina kuta za mfupa, na bomba la pumzi liendalo mapafuni lina pete za gegedu. Koromeo halina kimojawapo. Linashikiliwa wazi na misuli tu, na misuli hiyo ndiyo inayomwezesha binadamu kumeza na kutamka maneno. Mtu akiwa macho, misuli ya ulimi na ya kaakaa laini huivuta njia hiyo ikae wazi bila yeye kujua. Akilala, misuli hulegea. Ikiwa njia yenyewe ni nyembamba tangu hapo, kuta zake hukutana kila anapovuta pumzi, kama mrija laini wa kunywea dafu unaofyonzwa kwa nguvu.

Hapo kifua na tumbo huendelea kupanda na kushuka lakini hewa haipiti. Oksijeni katika damu hushuka, ubongo hushtuka, misuli hukaza tena, na hewa huingia kwa mkoromo mkubwa au kwa mguno wa mtu aliyepaliwa. Mgonjwa hulala tena papo hapo, na asubuhi hakumbuki lolote. Kwa mtu mzima, tukio huhesabiwa likidumu sekunde 10 au zaidi, iwe hewa imesimama kabisa au imepungua sana. Matukio 5 hadi 15 kwa saa huitwa ugonjwa hafifu, 15 hadi 30 wa wastani, na 30 au zaidi ni ugonjwa mkali. Kwa mtoto kiwango ni kikali zaidi: hata tukio moja kwa saa si hali ya kawaida.

Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2019 yaliwahesabu watu wazima wapatao milioni 936 duniani, wa umri wa miaka 30 hadi 69, kuwa wana ugonjwa huu kwa kiwango fulani. Walio wengi hawajui. Madhara yake ni shinikizo la damu lisilosikia dawa, mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, kiharusi, kisukari kinachokataa kutulia, na usingizi wa mchana unaomkuta mtu kwenye usukani. Kwa mtoto, madhara ni kudumaa, kukojoa kitandani na kushindwa kutulia darasani. Uchunguzi wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza nchini Kenya wa mwaka 2015 ulikuta asilimia 27 ya watu wazima wana uzito uliozidi, na kwa wanawake asilimia hiyo ilifika 38.5. Wenye shinikizo la damu walikuwa asilimia 23.8. Hali hizi mbili hutembea na ugonjwa huu kila mahali ulikochunguzwa, na hakuna sababu ya kudhani kwamba Pwani imesalimika.

Bombolulu iko bara ya kaskazini ya Mombasa, kando ya barabara iendayo Malindi, baada ya daraja la Nyali na kabla ya Bamburi. Ni mtaa wa nyumba za kupanga, ambamo mkoromo wa chumba kimoja husikika chumba cha pili. Kwa hiyo dalili kuu ya ugonjwa haijifichi. Tatizo ni jinsi inavyofasiriwa. Anayekoroma husemwa amelala fofofo, amechoka kwa kazi. Anayeshtuka usiku akitafuta pumzi husemwa amekabwa na jinamizi. Inafaa kutenganisha mambo haya mawili, kwa sababu tofauti yake ni ya msaada mkubwa kwa daktari. Aliyekabwa na jinamizi huwa na fahamu zake: anajiona hawezi kusogeza mkono wala kupiga kelele, na asubuhi anaisimulia hali hiyo mwenyewe, kwa woga. Anayekatika pumzi kwa kawaida hana cha kusimulia. Habari zake ziko kwa mke, mume, ndugu au mpangaji wa chumba cha pili, na daktari asiyemwuliza mtu huyo ameacha ushahidi ulio bora kuliko mashine nyingi.

Kuna pia wale wanaouficha usingizi wa mchana bila kukusudia. Dereva wa trela anayetafuna miraa au muguka ili afike Nairobi akiwa macho, au mlinzi wa usiku anayelala mchana kwenye joto na kelele, huamini kwamba usingizi unaomwandama unatokana na kazi. Huenda ikawa kweli. Lakini uchovu wa kazi hupungua mtu akilala siku kadhaa za kutosha, na uchovu wa pumzi inayokatika haupungui hata alale saa 10.

Kipimo kinachothibitisha ugonjwa ni kile cha usiku. Mgonjwa hulazwa akiwa amefungwa vihisio vya mawimbi ya ubongo, mwendo wa macho, hewa ya puani, msukumo wa kifua na tumbo, mapigo ya moyo na oksijeni ya damu. Kipimo kifupi zaidi, chenye vihisio vichache, huweza kufanyiwa nyumbani. Miongozo ya Marekani ya mwaka 2017 inasema wazi kwamba ugonjwa huu kwa mtu mzima huthibitishwa kwa kimojawapo cha vipimo hivi viwili, wala si kwa maswali na uchunguzi wa macho peke yake. Afrika Mashariki vipimo hivyo ni adimu na ghali. Eksirei, kinyume chake, iko karibu. Mpango wa serikali ya Kenya wa kukodi vifaa, ulioanza mwaka 2015, ulilenga kupeleka mashine za kisasa za picha katika hospitali 98, na kando ya barabara kuu za Mombasa zimeenea kliniki za binafsi zenye eksirei na ultrasaundi.

Ndipo huzuka tamaa ya kuiachia picha kazi yote. Tamaa hiyo haifai. Picha ya kawaida hupigwa mtu akiwa macho, mara nyingi amesimama, na kwa nukta moja tu ya wakati, ilhali ugonjwa unatokea amelala, chali, saa nane za usiku. Wako watu wenye koromeo jembamba pichani wanaopumua vizuri usiku kucha kwa kuwa misuli yao ina nguvu, na wako wenye koromeo pana ambalo hujikunja mara wasinziapo. Picha hujibu swali la wapi. Swali la mara ngapi na kwa ukali gani hujibiwa na usiku wenyewe. Hata hivyo jibu la wapi lina thamani kubwa, na lina thamani zaidi pale ambapo picha imekwisha kupigwa kwa sababu nyingine: mtoto aliyeletwa kwa mafua yasiyokwisha, kijana anayetaka kunyoosha meno, mzee aliyepimwa kichwa baada ya kiharusi. Filamu hizo zinapita mikononi mwa wataalamu kila siku. Koromeo limo ndani yake, na aghalabu hakuna anayelitazama.

Kwa watoto ndipo eksirei inapofaa kuliko kwingine kote. Sababu kubwa ya ugonjwa kwao, hasa kati ya miaka 2 na 8, ni kuvimba kwa mafindofindo yaliyo pande mbili za koo na kwa ile tishu iliyo juu, nyuma ya pua, ambayo wazazi huiita nyama za pua. Mafindofindo huonekana kwa tochi na kijiti. Nyama za pua hazionekani, kwa kuwa zimejificha nyuma ya kaakaa. Ndiyo maana hupigwa eksirei ya shingo kutoka ubavuni, kwa nguvu ndogo ya mionzi inayoonyesha tishu laini.

Filamu hiyo ikiwekwa kwenye mwanga husomwa hivi. Hewa ni nyeusi, mfupa ni mweupe, nyama ni ya kijivu. Jicho huanzia kwenye mfupa wa kaakaa gumu, ule mstari mweupe unaotenganisha pua na kinywa, likaufuata hadi unapoishia nyuma. Juu ya hapo, chini ya sakafu ya fuvu, panapaswa kuwa na uwazi mweusi unaopinda kuelekea chini nyuma ya kaakaa laini. Kwa mtoto aliyezibwa, uwazi huo umevamiwa na uvimbe wa kijivu unaoshuka kutoka juu nyuma, na weusi uliobaki ni uzi mwembamba, au haupo kabisa. Mwaka 1979 Fujioka na wenzake walipendekeza kipimo kinachotumika hadi leo. Hupimwa unene wa nyama hiyo pale ilipotokeza zaidi, kisha hupimwa nafasi yote ya mfupa kutoka mwisho wa kaakaa gumu hadi kwenye kiungo cha sakafu ya fuvu, na kipimo cha kwanza hugawanywa kwa cha pili. Ikiwa nyama ina milimita 18 na nafasi ni milimita 21, uwiano ni 0.86. Unaozidi 0.80 huhesabiwa kuwa uvimbe mkubwa. Kwa watoto waliowapima, wastani ulipanda hadi karibu 0.59 kwenye umri wa miaka minne na nusu, kisha ukapungua kadiri walivyokua.

Kipimo hiki ni rahisi, lakini filamu mbaya hukiharibu kabisa. Mtoto akilia, akimeza au akifungua kinywa, kaakaa laini huinuka na kuikaribia nyama, na njia huonekana imezibwa wakati haijazibwa. Shingo ikiinama, koromeo hufinyika. Radiografa mzuri humtuliza mtoto kwanza, humfunga mdomo kwa upole, humwelekeza mbele, na hungoja avute hewa kwa pua ndipo apige. Kwenye foleni ndefu ya asubuhi subira hiyo huonekana ni kupoteza muda. Si kupoteza muda, kwa sababu filamu iliyopigwa mtoto akilia huweza kumpeleka chumba cha upasuaji bila haja.

Haja ya kuwa makini inaonekana pia katika matokeo ya tiba. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2013 uliwafuatilia watoto 464 wa miaka 5 hadi 9 waliothibitishwa kwa kipimo cha usiku. Nusu waliondolewa mafindofindo na nyama za pua mapema, na nusu walisubiri wakiangaliwa. Baada ya miezi saba, kipimo cha usiku kilikuwa kimerudi sawa kwa asilimia 79 ya waliopasuliwa, na kwa asilimia 46 ya waliosubiri. Upasuaji unasaidia sana, ila karibu nusu ya watoto wenye ugonjwa usio mkali wanaweza kupona wakikua. Ndiyo sababu uamuzi haupaswi kutegemea filamu moja.

Kundi moja la watoto wa Pwani lisingojee. Ni watoto wenye selimundu. Ugonjwa huu wa damu ni wa kawaida katika ukanda wa Mombasa na Kilifi, na watoto walio nao huvimba mafindofindo na nyama za pua mara nyingi kuliko wengine. Oksijeni inaposhuka usiku, chembe zao za damu hujikunja na kuziba mishipa, na hivyo kukatika pumzi kunaweza kuchochea maumivu na hata kumweka mtoto katika hatari ya kiharusi. Mtoto wa selimundu anayekoroma anastahili kuangaliwa koo na kupimwa oksijeni ya usiku bila kuchelewa, hata kama mama yake amekuja kwa dawa za maumivu tu.

Hapa inabidi kutaja pia kimeo. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, mtoto anayekohoa, anayekoroma au asiyenyonya vizuri bado hupelekwa kwa mkataji wa jadi akatwe kimeo, kile kinyama kinachoning'inia katikati ya kaakaa laini. Picha ya ubavu huonyesha kwa nini hilo haliponyi kitu. Kimeo ni ncha tu ya kaakaa, na kizuizi cha mtoto kiko juu yake au pembeni yake. Kuondoa ncha hakupunguzi nyama za pua hata milimita moja, na jeraha lake limeleta kutokwa damu kwingi, pepopunda na usaha wa koo. Wazazi wanaofanya hivyo wanamtafutia mtoto nafuu, wala hawastahili kukemewa. Kuonyeshwa filamu na kuelekezwa kwa kidole mahali pumzi inapokwama huwafaa kuliko karipio.

Kwa watu wazima, picha ya zamani zaidi katika kazi hii inatoka kwa madaktari wa meno. Mwaka 1931 Broadbent nchini Marekani na Hofrath nchini Ujerumani, kila mmoja kwa njia yake, waliweka utaratibu wa kupiga eksirei ya uso kutoka ubavuni huku kichwa kimeshikwa na fremu na umbali wa mashine ukiwa haubadiliki. Lengo lao lilikuwa kupima ukuaji wa taya. Nusu karne baadaye, mwaka 1983, Riley, Guilleminault na wenzao wa Stanford waliitumia filamu hiyo kwa wagonjwa wa kukatika pumzi, na wakaonyesha mambo mawili yenye kujirudia. Nafasi nyeusi nyuma ya shina la ulimi ilikuwa chini ya milimita 11 hivi, na mfupa mdogo wa haiodi, unaobeba ulimi juu ya zoloto, ulikuwa umeshuka zaidi ya milimita 15 chini ya ukingo wa taya. Huongezwa pia urefu wa kaakaa laini na kiasi taya la chini lilivyorudi nyuma. Mtu mwenye kidevu kifupi ana nafasi ndogo ya kuweka ulimi wake, na ulimi usio na nafasi mbele hurudi nyuma.

Daktari wa meno wa Bombolulu au wa Nyali aliye na filamu hiyo mbele yake kwa ajili ya kunyoosha meno anahitaji dakika moja ya ziada kupima nafasi ya ulimi na mahali pa haiodi. Hata hivyo, vipimo vingi vilivyomo vitabuni vilitokana na nyuso za Wazungu. Taya za Waafrika kwa wastani zimejitokeza mbele zaidi, na pembe inayoitwa ya kawaida huko huenda isiwe ya kawaida hapa. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2001 ulikuta kwamba umbo la fuvu lilihusiana na ugonjwa kwa Wazungu, lakini si kwa Wamarekani weusi. Msomaji wa filamu za Mombasa basi asitulizwe na mifupa mizuri. Atazame nyama laini: unene wa ulimi, urefu wa kaakaa na upana wa ule weusi.

Fremu ya kushikilia kichwa ina tatizo jingine, ambalo Bombolulu inalijua kuliko mitaa mingi. Mtaa huu umejulikana kwa karakana za watu wenye ulemavu wa viungo za shirika la APDK, zilizoanzishwa mwaka 1969. Mtu aliyepinda uti wa mgongo, au anayetumia kiti cha magurudumu kisichoingia chini ya mashine, hawezi kusimama wima kichwa kikiwa katikati ya fremu, na filamu yake hupinda. Kwake picha ya kulala inafaa zaidi. Tena kwa aliyeugua polio utotoni, misuli ya kifua na koo huweza kudhoofika upya baada ya miaka mingi. Oksijeni yake ya usiku inaweza kushuka bila kizuizi chochote kooni, kwa sababu pumzi yenyewe ni dhaifu. Picha yake itatoka safi, na usafi huo usichukuliwe kuwa ni afya.

Skani ya CT humpiga mgonjwa akiwa amelala chali, hukata koromeo vipande vyembamba na kuonyesha eneo la tundu kwa milimita za mraba. Hapo huonekana jambo ambalo filamu ya ubavu hailioni kamwe: kuta za pembeni. Kwa mtu mzima mwenye afya tundu la koromeo huwa pana kutoka kushoto kwenda kulia. Kwa wagonjwa wengi limebanwa pembeni likawa refu kutoka mbele kwenda nyuma, jambo ambalo Richard Schwab na wenzake wa Philadelphia walilieleza kwa kina katika miaka ya 1990 kwa kutumia MRI. Gharama ya CT ni mionzi. Eksirei moja ya uso kutoka ubavuni haifiki milisivati 0.01, skani ya kichwa ni karibu 2, ambayo inakaribia wastani wa mionzi ya asili anayoipata binadamu kwa mwaka mzima, 2.4. CT ya kutafutia mkoromo tu haina udhuru. CT iliyokwisha kupigwa kwa sababu ya sinusi au ajali ya bodaboda isomwe hadi chini, koromeo likiwemo. Mashine za CT za madaktari wa meno, zenye mionzi pungufu, hutoa kipimo cha tundu jembamba kuliko yote, ingawa nyingi humpiga mtu akiwa ameketi.

MRI haina mionzi na huitofautisha nyama na mafuta. Kwa njia hiyo ilithibitishwa mwaka 2014 kwamba ulimi wa wagonjwa wanene una mafuta mengi kuliko ulimi wa watu wenye unene uleule wasio na ugonjwa. Mwaka 2020 kundi hilohilo la Philadelphia likaonyesha kwamba mtu akipungua uzito, kupungua kwa mafuta ya ulimi ndiko kunakoeleza sehemu kubwa ya nafuu yake. Ni ushauri wenye maana kwa mgonjwa: kilo zinazotoka tumboni hutoka na ulimini. MRI ya picha za mfululizo huweza pia kuonyesha ulimi ukianguka nyuma wakati mtoto amelala, na hutumika hasa kwa watoto wenye ugonjwa wa Down ambao wametolewa mafindofindo na bado wanakoroma. Kwa Mombasa hiyo ni picha ya wachache kwa gharama yake. Tena ina hatari moja isiyosahaulika: mtoto akipewa dawa ya usingizi ili atulie ndani ya mashine, dawa hiyohiyo huilegeza misuli ya koo lake lililo jembamba. Asipewe bila mtu wa nusukaputi kuwepo. Na radiografa anayemsikia mtu mzima akikoroma kisha akanyamaza ghafla ndani ya MRI amepata habari ya kuandikwa kwenye ripoti, hata kama picha iliyoombwa ni ya goti.

Ultrasaundi ndiyo yenye matumaini makubwa zaidi kwa kliniki ndogo, kwa kuwa mashine ileile ya wajawazito inatosha. Kichunguzi huwekwa chini ya kidevu, mgonjwa amelala chali, ukapimwa unene wa ulimi, umbali kati ya ateri mbili za ulimi na unene wa ukuta wa pembeni wa koromeo. Watafiti wa Hong Kong walionyesha mwaka 2007 kwamba ukuta huo mnene huambatana na ugonjwa. Mawimbi ya sauti hayapenyi hewa, hivyo nyama za pua hazionekani kabisa, na vipimo hutofautiana kutoka mkono hadi mkono. Bado hakuna mpaka wa milimita uliokubaliwa na wote. Kwa sasa ifanywe kama nyongeza.

Njia moja hukaribia usingizi wenyewe: kamera nyembamba ipitayo puani wakati mgonjwa amelazwa kwa dawa, iliyoelezwa na Croft na Pringle wa London mwaka 1991. Huonyesha kaakaa, kuta za pembeni, shina la ulimi na kidaka tonge vikifunga kimoja baada ya kingine. Inahitaji chumba cha upasuaji na daktari wa nusukaputi, na hufaa pale upasuaji unapopangwa.

Kompyuta nazo zimeingia. Mwaka 2021 watafiti wa Japani walifundisha programu kwa filamu 1389 za ubavu, na ikaweza kuwatenga wagonjwa wakali na wasio wagonjwa vizuri kuliko vipimo vya kawaida vya rula. Hilo ni jambo la kutia moyo kwa mahali penye eksirei nyingi na wataalamu wachache. Lakini programu ililinganisha wakali na wazima, ilhali walio katikati ndio humtatiza daktari, na nyuso ilizofunzwa nazo si za watu wa Mombasa. Kabla ya kuaminiwa hapa ijaribiwe kwanza kwa filamu za watu wa hapa waliopimwa usiku.

Kwa kituo cha afya cha mtaani, mpangilio unaowezekana leo huanza na maswali. Orodha ya maswali 8 iliyotolewa Toronto mwaka 2008 huuliza juu ya mkoromo, uchovu, pumzi inayoonekana kukatika, shinikizo la damu, uzito, umri, unene wa shingo na jinsia. Majibu matatu ya ndiyo yanatosha kumtilia mtu mzima shaka. Video ya dakika mbili iliyopigwa kwa simu usiku na mtu wa nyumbani huonyesha kifua kinachohangaika bila hewa kupita. Kinachofuata ni kipima oksijeni cha kidoleni, cha aina inayohifadhi kumbukumbu, kinachovaliwa usiku mzima. Watafiti wa Montreal walionyesha mwaka 2000 kwamba mtoto mwenye oksijeni inayoshuka kwa makundi usiku karibu hakika ana ugonjwa: kati ya waliokutwa hivyo, asilimia 97 walithibitishwa. Oksijeni isiyoshuka, hata hivyo, haimwondolei mtoto shaka. Picha huja hapo, ikieleza kizuizi kiko wapi, na mgonjwa hupelekwa kwa daktari wa pua, masikio na koo, kwa mfano katika Hospitali Kuu ya Pwani, akiwa na hayo yote mkononi badala ya barua tupu.

Kwa mtu mzima, picha husaidia kuchagua tiba. Mashine ya CPAP, iliyobuniwa na Colin Sullivan huko Sydney na kuelezwa mwaka 1981, hufungua koromeo kwa msukumo wa hewa popote kizuizi kilipo, ila inataka fedha, umeme usiokatika na uvumilivu. Mwenye taya lililorudi nyuma, na ugonjwa usio mkali, anaweza kufaidika na kifaa cha kinywani cha kulivuta taya mbele, kinachotengenezwa na daktari wa meno kwa kufuata ile filamu ya ubavu. Anayezibwa anapolala chali tu hunufaika kwa kulala ubavu.

Mengi hutegemea karatasi ya kuombea picha. Ombi lililoandikwa "eksirei ya kichwa" huleta filamu ya mifupa isiyoonyesha njia ya hewa. Ombi lenye faida hutaja kwamba inatakiwa picha ya ubavu ya shingo kwa tishu laini, mdomo ukiwa umefungwa, na hueleza kwamba mtoto anakoroma kila usiku, kwa miezi mingapi, na kama ana selimundu. Ripoti nayo itaje mtoto alikuwa katika hali gani alipopigwa, uwiano wa nyama za pua, upana wa hewa uliobaki na ukubwa wa mafindofindo, na iseme bayana kwamba picha haikupima pumzi ya usiku. Akipangiwa upasuaji, filamu na rekodi ya oksijeni ziende naye hadi kwa daktari wa nusukaputi, kwa sababu mtoto aliyezoea kukosa oksijeni hulemewa haraka na dawa za maumivu za jamii ya afyuni, na usiku wa kwanza baada ya upasuaji anapaswa kulazwa chini ya uangalizi.